MALI BILA DAFTARI
Somo juu ya kutunza marejeo ya tasnifu kwa kompyuta

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika alichouza na alichokopesha hufunga duka lake kabla ya mwaka kwisha, wala hajui fedha yake imekwenda wapi. Somo letu la leo ni juu ya mali ya namna nyingine, mali ya msomi, yaani vitabu na makala alizozisoma. Mali hii nayo yahitaji daftari.

Wadogo zangu mlio shuleni bado, msiseme kwamba jambo hili ni la watu wa chuo kikuu tu. Kila mwandikapo kazi ya mradi, mwalimu huwauliza: "Habari hii mmeipata wapi?" Jibu la swali hilo ndilo rejeo. Na ninyi wenzangu mliokwisha kutoka shuleni, mkawa sasa Makerere, Nairobi, Dar es Salaam au mahali pengine, mwaijua taabu ya wiki ya mwisho. Tasnifu imekwisha, msimamizi ameikubali, siku ya kuikabidhi imekaribia. Lakini orodha ya vitabu haijakaa sawa. Kitabu hiki hakina mwaka, makala ile haina jina la jarida, na maneno mazuri yaliyo katika sura ya tatu hayajulikani yametoka ukurasa gani. Hapo mtu hukesha usiku kucha akitafuta kitu alichokuwa nacho mkononi miaka miwili nyuma.

Kwa nini tutaje tulikotoa

Ziko sababu tatu, nazo yafaa tuzijue kabla ya kujifunza namna ya kufanya.

Ya kwanza ni haki. Mtu aliyefanya utafiti na kuandika, kazi ile ni jasho lake. Ukichukua maneno yake au fikira zake usimtaje, umemwibia, hata kama hukukusudia. Vyuo vikuu huuita wizi wa maandishi, na adhabu yake si ndogo. Nitatoa mfano mmoja unaojulikana duniani. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani. Mwezi wa Februari 2011 watu walionyesha kwamba katika tasnifu yake ya udaktari mlikuwamo vipande vingi vya maandishi ya watu wengine ambavyo havikutajwa inavyopasa. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamwondolea udaktari wake mwezi ule ule, na tarehe 1 Machi 2011 akajiuzulu uwaziri. Shahada aliipata mwaka 2007. Ilimchukua muda wa siku chache tu kuipoteza.

Sababu ya pili ni ukaguzi. Msomaji hana lazima ya kukuamini wewe. Ukimwambia kitabu, mwaka na ukurasa, atakwenda kutazama mwenyewe kama umesema kweli. Elimu hukua kwa njia hiyo, mmoja akimkagua mwenzake.

Ya tatu ni faida yako mwenyewe. Baada ya miaka mitano utataka kuendeleza kazi yako, na rejeo ndilo litakalokurudisha pale ulipokuwa.

Tulikotoka: karatasi na kadi

Kazi ya kutunza marejeo haikuanza na kompyuta. Mwaka 1545 mtu mmoja wa Zurich katika Uswisi, jina lake Conrad Gesner, alichapa kitabu kikubwa kilichoorodhesha waandishi wapatao 3,000 pamoja na vitabu vyao vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Miaka mitatu baadaye aliwaeleza wasomi njia yake: andika kila habari kwenye karatasi, ikate vipande kwa mkasi, kisha vipange vipande hivyo kwa utaratibu unaoutaka. Faida yake ni hii, kwamba kipande cha karatasi chaweza kuhamishwa, bali mstari ulioandikwa katika daftari hauhami.

Baadaye vipande vile vikawa kadi, na mpaka miaka ya 1980 wasomi wengi walikuwa na sanduku la kadi mezani, kila kadi na kitabu kimoja. Programu za leo ni sanduku lile lile la kadi, isipokuwa limetiwa ndani ya kompyuta. Mtu akilifahamu neno hili, nusu ya somo ameimaliza.

Mitindo ya kuandika marejeo

Vyuo na majarida havikubaliani juu ya namna moja ya kuandika marejeo. Mtindo wa kutaja jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, ambao wengi huuita mtindo wa Harvard, husemwa kuwa ulitokana na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya mwaka 1881 juu ya mayai ya konokono asiye na gamba. Kitabu cha kanuni za Chicago kilitoka mara ya kwanza mwaka 1906. Kanuni za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambazo hujulikana kwa herufi APA, zilianza mwaka 1929 kama makala fupi ya kurasa chache. Leo ni kitabu kizima, na toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019.

Tutazame kitabu kimoja tunachokijua sote, nacho ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Kwa mtindo wa APA kitaandikwa hivi:

Robert, S. (1951). Kusadikika. Nelson.

Kwa mtindo wa Chicago, toleo la 17 la mwaka 2017, kitaandikwa hivi:

Robert, Shaaban. Kusadikika. London: Nelson, 1951.

Habari ni zile zile: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji. Kilichobadilika ni mpango, nukta na mabano, tena APA imeuacha mji. Na kanuni zenyewe hazikai mahali pamoja. Toleo la 18 la Chicago, lililotoka mwaka 2024, halidai tena mji wa uchapishaji kwa vitabu vilivyochapwa tangu mwaka 1900. Basi fikirini mtu mwenye vitabu 150 katika orodha yake, aliyeviandika vyote kwa mkono, kisha akaambiwa na chuo chake afuate toleo jipya. Atafuta miji 150, mmoja mmoja. Mwenye kutumia programu huchagua jina la mtindo mpya, na orodha yote hugeuka mara moja.

Programu zenyewe

Ziko nyingi, nami nitazitaja chache. BibTeX ilitengenezwa mwaka 1985, nayo hupendwa na watu wa hesabu na fizikia wanaoandika kwa LaTeX. EndNote ni ya tangu miaka ya 1980, na hununuliwa kwa fedha. Mendeley ilianza mwaka 2008, ikanunuliwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2013. Zotero ilitolewa mwaka 2006 na kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason katika Marekani.

Mimi nitafundisha kwa Zotero, kwa sababu haiuzwi, hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux, na mtu aweza kuitoa mali yake yote humo akaihamishia programu nyingine apendapo. Mwanafunzi asiye na fedha hana budi kuulizia neno hili la mwisho kabla ya kuanza, maana kuingia mahali ni rahisi, kutoka ndiko kwenye kazi.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: weka vyombo vitatu. Kuna programu yenyewe, inayokaa katika kompyuta. Kuna kiunganishi kinachokaa katika kivinjari cha intaneti. Na kuna kiungo kinachotokea katika Word au LibreOffice, mahali unapoandikia tasnifu. Ya kwanza ndiyo sanduku la kadi, ya pili ndiyo mkono unaoingiza kadi, na ya tatu ndiyo mkono unaozitoa.

Hatua ya pili: ingiza kadi. Njia ziko nne. Ukiwa unasoma makala katika intaneti, bonyeza alama ya kiunganishi, nayo kadi hujiandika. Ukiwa na kitabu mkononi, tazama nyuma yake uione namba ya ISBN. Vitabu vilivyochapwa tangu mwaka 2007 vina tarakimu 13, vya zamani kidogo vina 10. Iandike namba hiyo katika programu, nayo itatafuta habari za kitabu. Makala za majarida nazo zina namba yao, iitwayo DOI, iliyoanza kutumika mwaka 2000. Njia ya tatu ni kuburuta faili ya PDF na kuiachia ndani ya programu, ambayo hujaribu kuitambua yenyewe. Njia ya nne ni kuandika kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku.

Msidharau njia hii ya nne. Vitabu vyetu vingi vya zamani havina ISBN, kwa kuwa kanuni yake ya kimataifa ilitolewa mwaka 1970. Ripoti za serikali, magazeti ya zamani, barua zilizo katika hifadhi ya nyaraka, na maneno ya wazee mliowahoji vijijini, hayo yote programu haitayapata popote. Hamna budi kuyaandika wenyewe, na mara nyingi hayo ndiyo yenye thamani kubwa katika tasnifu.

Hatua ya tatu: panga. Tengeneza fungu kwa kila sura ya tasnifu. Kadi moja yaweza kuonekana katika mafungu matatu, nayo ikabaki kadi moja. Ukiisahihisha hapa imesahihishwa na kule. Ukiona kitabu kimoja kimeingia mara mbili, viunganishe viwe kimoja.

Hatua ya nne: andika maelezo siku ile ile. Chini ya kila kadi pana nafasi ya maelezo. Ukinakili maneno ya mwandishi, yatie katika alama za kunukuu na uandike ukurasa. Ukieleza kwa maneno yako, usitie alama. Mtu asiyetenga haya mawili, baada ya miezi sita hawezi kujua lipi ni lake na lipi si lake, na hapo ndipo wizi usiokusudiwa huanzia.

Hatua ya tano: taja unapoandika. Ukifika mahali pa kutaja, bonyeza kitufe cha kuongeza rejeo, andika jina la mwandishi, chagua kitabu, kisha andika namba ya ukurasa. Usiseme "nitarudi baadaye." Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua ya sita: toa orodha. Weka kalamu yako mwisho wa tasnifu, bonyeza kitufe cha orodha ya vitabu, nayo itajiandika kwa mpango wa alfabeti. Vitabu ulivyovitaja tu ndivyo vitakavyoingia, na ukifuta rejeo katika sura, kitabu nacho hutoka katika orodha. Lakini angalieni sana: ukiona kosa katika orodha, usilisahihishe palepale. Programu itakapojiandika upya italirudisha kosa lako. Nenda kwenye kadi, sahihisha huko, kisha urudi.

Majina yetu na lugha zetu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa maana ni jambo lisiloelezwa sana katika vitabu vya mafundisho vitokavyo ng'ambo. Programu hizi zilitengenezwa na watu ambao kila mtu kwao ana jina lake na jina la ukoo, na la ukoo huja mwisho. Kwetu mambo si hivyo daima.

Chukueni jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025. Thiong'o lilikuwa jina la baba yake, na wa ni neno la kuunganisha tu. Jina lake yeye ni Ngũgĩ, na wasomi humweka chini ya herufi N. Lakini mkiiacha programu ifanye itakavyo, yaweza kumwandika Thiong'o, N. wa, ikampa sifa baba yake na kumkata mwenyewe akabaki herufi moja. Dawa yake ipo. Katika kadi ya Zotero, kando ya jina la mwandishi, kuna kitufe cha kugeuza visanduku viwili vya jina kuwa kimoja. Kibonyeze, uandike jina lote kama lilivyo, nalo halitageuzwa wala kukatwa. Njia hiyo hiyo hufaa kwa majina ya wizara na mashirika.

Tena mwandishi huyo huyo alitoa riwaya yake Weep Not, Child mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi, na baadaye akaliacha jina la James. Mkiwa na toleo la kwanza na vitabu vyake vya baadaye, programu itadhani ni watu wawili na itawatenga katika orodha. Mashine haiwezi kujua. Mwanafunzi ndiye ajuaye, naye amwulize msimamizi wake chuo chao hufuata kanuni gani kwa jambo hilo.

La pili ni herufi kubwa. Mitindo kadha, Chicago mmojawapo, hutaka majina ya vitabu vya Kiingereza yaandikwe kwa herufi kubwa karibu kila neno. Programu isipoambiwa lugha, hudhani kila kitabu ni cha Kiingereza. Hivyo "Maisha yangu na baada ya miaka hamsini" chaweza kutoka "Maisha Yangu Na Baada Ya Miaka Hamsini," jambo lisilopendeza machoni pa mtu ajuaye Kiswahili. Katika kadi mna kisanduku cha lugha. Andikeni humo sw kwa Kiswahili, fr kwa Kifaransa, na programu itaiacha herufi kama mlivyoiandika. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, wenye vitabu vingi vya Kifaransa, wataiona faida ya jambo hili tangu siku ya kwanza.

Je, hayo ni madogo? Sivyo. Atakayesoma tasnifu yako miaka 20 ijayo atawatafuta waandishi wetu kwa majina uliyoyaandika. Ukiyaharibu, umewapoteza.

Programu ni mtumishi

Programu huandika kile ilichopewa. Kadi yenye mwaka wa makosa itatoa orodha yenye mwaka wa makosa, tena kwa mpango mzuri unaomdanganya mtu. Kwa hiyo kila kadi inapoingia, ilinganishe na ukurasa wa jina ulio mwanzoni mwa kitabu. Kazi hii ni ya nusu dakika.

Siku hizi kuna hatari nyingine. Wanafunzi wengine huziuliza programu za akili bandia ziwape orodha ya vitabu juu ya jambo fulani. Programu hizo hutunga maneno, na mara nyingine hutunga vitabu ambavyo havikuandikwa kamwe, zikavipa mwandishi, mwaka na hata kurasa. Mwezi wa Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu walipeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwapo duniani, zilizotungwa na ChatGPT. Wale walikuwa watu wazima wenye kazi yao. Basi shikeni kanuni hii: msitaje kitabu ambacho hamkukiona kwa macho yenu.

Akiba haiozi

Kompyuta huibwa, huanguka, na umeme ukikatika ghafula faili huharibika. Zotero hutoa bure nafasi ya megabaiti 300 kwa faili zako katika intaneti, na kadi zenyewe hazihesabiwi humo. Kwa mtu mwenye PDF nyingi nafasi hiyo haitoshi. Na anakili folda yote ya programu katika diski ya nje kila Ijumaa, na diski hiyo isikae katika mfuko mmoja na kompyuta.

Kabla ya kukabidhi tasnifu, fanya nakala yake, na katika nakala hiyo uvikate viungo vyote vya programu, ili maandishi yabaki maandishi matupu. Ile ya kwanza iache kama ilivyo, kwa maana wasahihishaji wakikurudishia kazi utaihitaji.

Kwa ninyi mnaotumia kompyuta za shule na hamwezi kuweka programu ndani yake, kuna ZoteroBib, iliyotolewa mwaka 2018. Hiyo hufunguliwa katika kivinjari, haitaki jina wala neno la siri, na yatosha kwa kazi yenye vitabu kumi au ishirini. Ila nakilini orodha yenu kabla ya kuondoka, kwani kesho aweza kukaa mwingine mbele ya kompyuta ile.

Mazoezi

1. Chukua vitabu vitano katika maktaba ya shule, vitatu vyenye ISBN na viwili visivyo nayo. Viandikie kadi zote, kisha toa orodha kwa mtindo wa APA na kwa mtindo wa Chicago. Eleza tofauti ulizoziona.

2. Andika kadi ya mzee uliyemhoji juu ya historia ya mahali penu: jina lake kama yeye mwenyewe anavyolitaja, mahali, na tarehe. Mwombe ruhusa kwanza.

3. Mwandishi wa Uganda, Okot p'Bitek, alitoa Song of Lawino mwaka 1966, Nairobi. Tafuta katika vitabu vitatu uone wamempanga chini ya herufi gani. Je, wamekubaliana? Wewe utachagua ipi, na kwa nini?

4. Mwenzako amekupa orodha ya makala kumi. Kagua kama zote zipo. Eleza umekagua kwa njia gani.

Anayetaka kuanza na aanze leo kwa kitabu kimoja alicho nacho, na kesho aongeze kingine. Haba na haba hujaza kibaba, na siku ya kuandika tasnifu itakapofika atalikuta daftari lake limejaa. Nawatakieni kazi njema.